Sauti Iliyo Baina ya Vyuma Viwili

Futeni mikono kwanza. Gitaa haliguswi kwa mkono uliotoka kwenye pakiti la chipsi, na hili nimelisema mpaka ulimi umeota sugu. Uzi wa gitaa ni chuma, na adui wa chuma ni jasho na chumvi. Uzi uliokufa huujui kwa macho, unang'aa vile vile, lakini ukiupiga haukujibu, unanung'unika tu. Ukiona hivyo badilisha nyuzi zote, usibadilishe mmoja. Uzi mpya ukiutia kati ya wakongwe unawaaibisha wenzake.

Haya, kaeni. Najua mlichokuja kukitaka. Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda ngazi za ghorofa hili la Thamesmead, na lifti imekufa tangu juzi, ili aje kujifunza kutia nyuzi. Mmeniona kwenye televisheni. Mmeona kichwa changu kinapita nyuma ya bendi kubwa, mkapigiana simu, "Si Uncle Seif yule?" Sasa mnataka niwahadithie walivyopanda wale mabwana kutoka chumba cha chini ya duka mpaka kwenye viwanja vya mpira.

Ntawahadithia. Lakini jina la bendi halitoki kinywani mwangu. Mnalijua, wawili wenu mmelivaa vifuani. Wao jina la mtu wangu hawakulitaja panapostahiki, na mie lao silitaji kabisa. Mtasema mzee ana kinyongo. Ninacho. Nimekilea kama mbuzi wa Idi, ila huyu hachinjwi.

Mtu wangu ni Mzee Makame, Mpemba wa Wete, mpiga fidla. Alinifundisha kupiga udi, na alitunga wimbo mmoja ambao nyie nyote mnaujua bila ya kumjua yeye. Maisha yangu yote ya kazi nilitaka jambo moja tu, wimbo ule urudi kwa mwenyewe. Sasa sikilizeni nilivyofanikiwa.

Mie nilianza huku huku ugenini, mtaa wa Tooting, kwenye duka la Bwana Kanji, Mhindi wa kwetu, kazaliwa Unguja mjini. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na matusi yake vile vile. Tulitengeneza redio, kaseti na zile ampli za kupigia magitaa. Kanuni yake ilikuwa moja: "Sikiliza kwanza, ndio ufungue." Mie kijana, najiona fundi, sikumsikia. Ikaja ampli inavuma. Nikaifungua, nikalehemu hapa, nikabadilisha pale, siku nzima nimeinama. Nikaiwasha, inavuma. Bwana Kanji akatoka nje, akaenda kwa jirani muuza sambusa, akamwomba azime friji lake dakika moja. Ampli ikanyamaza kimya. Akarudi akaniambia, "Umempasua mgonjwa bure, Seif. Anayekohoa ni jirani."

Na hili liwekeni: ampli za zamani, zile za taa za kioo ndani, zinaweka umeme hata ukizichomoa ukutani. Ukiifungua, mkono mmoja tia mfukoni. Umeme ukikupata mkono mmoja utaruka na kutukana. Ukikupata mikono miwili unapita kifuani, na hapo tutakuja kukusomea.

Mzee Makame alikuwa akisafisha maofisi upande wa Barking alfajiri, na mchana anakuja kwetu. Mkewe alifariki mapema, akamwachia binti mdogo, Zuwena. Mtoto akitoka skuli wanakutana dukani, anakaa juu ya boksi la spika anakula biskuti, na babake anapiga fidla chumba cha nyuma. Bwana Kanji hakumtoza kitu. Alisema fidla ile inamrudisha barazani kwao, na mlango haukufungwa kwa Makame hata siku moja.

Wimbo ule aliutunga pale pale, mie nalehemu pembeni. Alimtungia Zuwena, kwa kuwa mtoto alikuwa akimlilia mama na hanyamazi kwa maneno. Haukuwa na maneno. Alianza na kipande kidogo, kesho akakiharibu, keshokutwa akakirudisha. Mara nyengine anapiga mahali pamoja mpaka Bwana Kanji anagonga ukuta: "Makame, pita hapo yakhe, umetutoboa!"

Mahali penyewe ni hapa. Lete gitaa lako, mwanangu. Unaviona vyuma hivi vilivyolala shingoni? Kidole ukikitia nyuma ya hiki unapata sauti hii. Ukikitia nyuma ya kinachofuata unapata hii. Sasa ile ya Mzee Makame haipo hapa wala haipo hapa, ipo baina. Fidla haina vyuma, udi hauna vyuma, kidole kinakwenda kinapotaka. Wimbo ulikuwa unapanda vizuri, unafika pale, na badala ya kukanyaga ngazi unakaa katikati, kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au arudi. Halafu unashuka. Zuwena akifika pale alikuwa ananyamaza, anashusha pumzi. Wimbo wote ulijengwa kwa ajili ya sauti ile moja.

Basi akaja kijana na ampli imeungua. Mwembamba, mikono mirefu, tukampa jina la Kijiti. Ndiye mpiga gitaa wa bendi hiyo mnayoivaa, wakati huo wanne tu, wanafanya mazoezi chini ya duka la mazulia, na majirani wanawapigia polisi. Sikilizeni, mie nina hasira lakini sisemi uongo. Walikuwa na masikio. Walikusanya kila kitu. Bluzi za watu weusi wa Amerika, rege za Wajamaika waliokaa nao mtaa mmoja, nyimbo za filamu za Kihindi zilizotoka duka la sari. Kijiti akisikia kitu hapiti, anasimama barabarani. Na aliwajua wenyewe! Alikuwa akikwambia, kipande hiki nimekitoa kwa fulani, kipofu, kafia mji fulani. Maiti wa Amerika aliwajua kwa majina, na makaburi yao.

Siku ile akasikia fidla nyuma. Akauliza kama anaweza kuingia. Toka hapo akawa mgeni wetu, ampli nzima au mbovu. Anakaa chini, gitaa mapajani, anamfuata Mzee Makame. Alimwita Mzee, kama alivyotusikia sie tunamwita. Mzee akampenda, akampa chai ya tangawizi. Siku moja Kijiti akamwuliza, "Wimbo huu nani kautunga? Wako?"

Kiingereza cha Mzee Makame hakikuwa kingi, lakini hilo alilifahamu. Akaishusha fidla, akatazama chini, akamjibu, "Si wangu mie. Wa wazee. Mie nimeuokota tu."

Sasa nyie mliozaliwa huku tegeni masikio, maana jambo lote lipo hapa. Kwetu mtu aliyelelewa hasimami mbele za watu akasema, "Hiki nimekitunga mie." Ataonekana hana haya. Anasema si changu, nimeokota. Kisha ni kazi ya waliokaa naye kumkatalia: "Acha wee! Wako huo, nani mwengine angeuweza?" Anakataa tena, wanamshika zaidi, na hapo ndipo kila mtu anapojua kazi ni ya nani. Ni kama mgeni anayesema nimeshiba. Mwenyeji mwenye adabu haondoi sahani, anamwongeza wali.

Na tulimkatalia, wallahi. Bwana Kanji alipiga kelele kutoka mbele: "Acha wee Makame! Wako huo, sie tumeuona ukizaliwa!" Mie nikaitikia, "Usitufanye watoto, mzee." Tukacheka sote. Lakini tulisema Kiswahili, kama tulivyosemeshana kila siku, na Kijiti akacheka kwa kuwa watu wanacheka. Yeye alikuwa keshapata jibu lake. Aliuliza, akajibiwa, akaondoa sahani.

Baadaye bendi ikaanza kupata watu. Bwana Kanji alikuwa amezeeka anataka kufunga duka, na Kijiti akaniambia, "Seif, njoo nami. Hakuna anayelitia gitaa langu nyuzi kama wewe." Nikaenda. Na kazi niliipenda, kwa nini nikatae? Niliwapangia magitaa nyuma ya jukwaa, kila moja na sauti yake. Uzi mpya niliuvuta kwa kidole mpaka ukachoka, kwa sababu uzi ambao hujauvuta wewe utavutika mbele ya watu. Taa za jukwaani zina moto, gitaa likitoka kwenye baridi likaingia kwenye moto ule linapotea sauti lote. Kwa hivyo nalileta karibu mapema, lizowee. Mwanzoni nilikosea nikamkabidhi Kijiti gitaa la wimbo mwengine. Akalipiga mbele ya umma mzima, likalia kama paka kakanyagwa mkia, na alinitazama kwa jicho ambalo naliona mpaka leo.

Kisha ikatoka rekodi ile. Nyie mnajua ni wimbo gani. Gitaa linaanza peke yake, linapanda, linapanda, halafu ngoma zinaingia. Wameutia maneno ya Kiingereza ya kijana na msichana wake. Ndio uliowatoa vilabuni ukawapeleka viwanjani. Nilipoiona jaketi yake, lile ganda la sahani, nikasoma: wimbo wa jadi, Zanzibar.

Wa jadi! Maana yake hauna baba. Maana yake umeokotwa ufukweni kama kombe. Na mtunzi yu hai, anakaa Thamesmead, anakwenda kununua maziwa kwa miguu yake.

Nilimchukulia rekodi nyumbani kwake. Niliogopa, nikamwambia, "Mzee, kuna kitu watu wamekifanya, usikasirike." Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Nikamwonesha maandishi, hakuyashughulikia. Aliniomba nirudishe mwanzo, akasikiliza tena pale pale, kisha akasema, "Wameunyoosha."

Nikamwambia gitaa lina vyuma, mzee, haliwezi kukaa baina. Akasema, "Kijana aliweza. Akiuvuta uzi kidogo alikuwa anafika. Nimemfundisha mwenyewe." Akanirudishia rekodi, akasema, "Haidhuru." Nyie mnajua mtu mzima akisema haidhuru limemdhuru kiasi gani.

Nilimwendea Kijiti. Nikamwambia, "Mbona umeandika wa jadi? Ule ni wa Mzee." Akashangaa kikweli. "Nilimwuliza, Seif. Ulikuwepo. Alisema mwenyewe si wake." Nikamweleza habari ya adabu, ya kukataa na kukataliwa, ya mgeni na wali. Alinisikiliza, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma, maana mtu mbaya ungemtukana ukalala. Akaniwekea mkono begani: "Kama angetaka jina lake, angesema." Nikamwambia basi twende Thamesmead ukamwulize tena, na safari hii akikataa mie ntakufundisha cha kumjibu. Akasema vizuri, tukirudi safari.

Tuliporudi safari Mzee Makame alikuwa keshazikwa. Kijiti alituma shada la maua kubwa kuliko mlango, wenyewe hatujui tuliweke wapi. Kadi yake ilikuwa na jina la bendi. Jina la marehemu halikuwemo.

Mtaniuliza mbona nilibaki. Ndiyo kazi niliyoijua. Na nilidhani nikikaa karibu yake ipo siku atakumbuka. Wimbo ule ulikuwa na gitaa lake maalumu, na kila nilipomkabidhi nilimwambia neno moja: "Makame." Jukwaa hili Makame, jukwaa lile Makame. Mwanzo alikuwa anaitikia kwa kichwa, nikafurahi. Miaka ikaenda, pombe ikaenda, uzee ukaja. Siku moja namsikia anamwambia mwandishi wa habari, kashika gitaa: "Huyu anaitwa Makame. Fundi wangu kampa jina." Lahaula! Nilikwenda kukaa ndani ya lori, sikutaka mtu anione uso.

Na hiyo televisheni yenu je? Walikuja hapa hapa, wakaniomba nivae kofia na kanzu. Nikawaambia kazini sikuvaa kanzu, ningenasa kwenye waya. Walitaka kujua bendi ilipata wapi muziki wake. Nikawaambia. Nilimtaja Mzee Makame, nikamtaja mtoto aliyelia, Bwana Kanji, chai, mpaka koo likakauka. Mmekiona kilichotoka. Mie nacheka, natia waya kwenye ampli, na sauti ya Kijiti juu yangu inasema walikuwa na fundi kutoka Zanzibar, mtu wa furaha siku zote. Mtu wa furaha! Halafu akaonesha gitaa lile, akasema, "Na huyu ndiye Makame."

Zuwena aliona. Sasa ni mtu mzima, analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Barking, na binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Alikuja hapa na sare yake ya kazi, hata chai hakuitaka. Akakaa hapo ulipokaa wewe.

"Ami Seif," akaniambia, "yeye na ampe jina gitaa, mie hayo nimemwachia Mungu. Nataka kitu kimoja. Mwanangu akiingia ukumbini, aingie na ule wa baba. Wa baba, si wa redio. Nasahau. Nikiutafuta kichwani inakuja ile ya redio. Bwana Kanji amekufa, umebaki wewe."

Mtashangaa sie mafundi wa kaseti hatukumrekodi hata mara moja. Alikuwa hataki. Akisema, ukikitia kitu kwenye kaseti hukitii moyoni. Kwa hivyo kweli nilibaki mie. Nikamwambia Zuwena, mwanangu, hilo tu? Ondoa wasiwasi. Niliona hatimaye jambo langu limefika. Jina walilichukua, lakini wimbo wenyewe uko kwangu, na kuwarudishia wenyewe hakuna wa kunizuia.

Nikautoa udi, nikazikaza nyuzi, nikaanza. Ulipanda vizuri. Zuwena kafumba macho, vidole vyake vimeshika ukingo wa kiti. Nikafika pale.

Kidole kikaunyoosha.

Udi hauna vyuma, wanangu. Hakuna kitu kilichonizuia. Nikarudia, kikaunyoosha tena. Nikasogeza kidole chini kidogo, ikawa mbovu. Nikasogeza juu, ikawa mbovu vyengine. Nilijua iko baina, nilijua inavyomfanya mtu akiisikia, lakini yenyewe sikuwa nayo. Nimekaa nyuma ya jukwaa nausikia ule wa Kijiti usiku baada ya usiku, nalitayarisha gitaa lake lisikosee hata chembe, na sikio langu lile lile alilolifundisha Mzee nimelifundisha upya kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijaribu mpaka Zuwena akanishika mkono. Alikuwa analia, na mie nalia, mzee mzima.

"Hiyo ya redio, Ami," akasema. Akafuta macho. "Haidhuru."

Siku ya harusi nikaupiga hivyo hivyo, ndio niliokuwa nao. Bibi harusi akaingia anang'aa, mashaallah, na ukumbi mzima wa Barking ukaujua wimbo. Vijana wakainua simu, wakaimba maneno ya Kiingereza, wengine wakapiga meza palipo na ngoma. Zuwena alikuwa anatabasamu kama mama wa bibi harusi anavyotakiwa kutabasamu. Pale mahali nilimwona ananisubiri, nami nikapita.

Nilipomaliza akanijia binti mmoja wa upande wa bwana harusi, macho yanawaka, kanishika mkono kwa heshima. "Uncle, umeupiga vile vile kama wenyewe! Safi kabisa."

Nikamjibu tulivyolelewa. "Si wangu mie, mwanangu."

"Najua, Uncle," akasema, na akanitajia jina la bendi.